Uliza Tukujibu: Mama wa Khanga na Mtani Wake wa Kaunta

SWALI

Ndugu Mwandishi, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 57, Mzaramo wa Kisarawe, na nimekuwa nikiuza khanga na vitenge katika duka moja la Kariakoo tangu tajiri wetu wa sasa alipokuwa mtoto anayepitia dukani kwa baba yake akitoka shule. Kazi naifanya kwa utaratibu nilioukuta: asubuhi nafagia, nashusha doti za khanga na kuzipanga ili mteja asome majina ya khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, bila kuzikunjua, na jioni naandika mauzo kwenye daftari kabla ya kumkabidhi tajiri fedha.

Muda mfupi kabla ya ule mgomo wa wafanyabiashara wa Mei 2023, tajiri alimwajiri kijana ambaye umri wake ni mdogo kuliko wa mwanangu wa mwisho. Kabla ya hapo alikuwa winga, mmoja wa wale vijana wanaomdaka mteja barabarani, wakamzungusha madukani na kujilipa kwa kuongeza chao juu ya bei ya mwenye duka. Ni Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, Yanga wa kupindukia, na huongea na wateja kwa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa ikinirudisha nyumbani na maumivu ya kichwa. Mimi ni Mwislamu, ni Simba, na kwangu mteja huachwa kwanza atazame. Wiki za mwanzo hatukuwa na mazungumzo zaidi ya shikamoo na marahaba.

Siku moja alinikuta nakula mihogo, akachukua kipande kwenye sahani yangu bila kuomba, akasema kwamba Mnyamwezi haombi chakula kwa Mzaramo kwa sababu babu yake alikwisha kukilipia alipobeba pembe za ndovu hadi pwani. Nilicheka hadi tajiri akatoka stoo kuuliza kuna nini. Ulipokuja mgomo na maduka kufungwa, mimi nilikuwa nalipwa kwa mwezi na yeye kwa siku, nikamwambia aje nyumbani kwangu Mbagala ale pamoja na sisi. Tangu hapo tumekuwa marafiki wa kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha nisimkabidhi mteja mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu yake, bali nisubiri uingie kwenye simu ya duka. Mimi nikamfundisha kugeuza kitenge na kutazama mgongo wake, kwa maana wax ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, rangi zake hupenya pande zote mbili, na ya kuiga huwa imefifia upande wa nyuma.

Tatizo ni hili. Mwezi uliopita mteja wa Morogoro aliagiza vitenge 30 vya sare ya harusi. Bei yetu ni shilingi 22,000 kila kimoja, na shilingi 660,000 ziliingia kwenye lipa namba ya duka bila kasoro. Baada ya mzigo kufika, mama yule alipiga simu ya duka nikaipokea mimi: aliuliza kwa nini ametozwa gharama ya mzigo pale Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, wakati alikwisha kutuma shilingi 60,000 za usafiri kwenye namba binafsi ya kijana wetu. Nilipomuuliza, alicheka akasema, “Mama, hiyo ni cha juu tu, tajiri hajapoteza hata senti.” Na wiki hiyohiyo alikuwa ameninunulia dawa zangu za presha.

Sasa tajiri ametangaza kwamba mimi ndiye nitakayesimamia hesabu za jioni, na kwamba shoti yoyote, yaani upungufu wa fedha, itakayotokea atatukata wote wawili nusu kwa nusu. Wauzaji wa jirani nao wananisema kwamba nimepata Serengeti boy, yaani mpenzi kijana wa mama mtu mzima, na binti yangu anasema nimejishusha kufanya urafiki na winga. Je, nimfichie kijana, nimsemee kwa tajiri, au niuvunje urafiki huu kabisa?

Mama wa Kaunta, Dar es Salaam

JIBU

Mama, shikamoo.

Maneno ya majirani nitayapita upesi, kwa sababu watu wanaokaa kwenye kaunta zilizobanana tangu asubuhi hadi jioni lazima wapate cha kuzungumza, na mwezi ujao watakuwa na lingine. Binti yako ni tofauti, naye anastahili kujibiwa. Kijana amekwisha kula nyumbani kwenu, hivyo anamjua. Inawezekana kinachomsumbua ni hofu kwamba mama yake atatumiwa na mtu mwenye maneno mengi kuliko yeye, na kwa habari hii uliyonieleza hofu hiyo si ya kipuuzi. Muulize waziwazi anachokiogopa, kisha umweleze unalofanya kuhusu hizo shilingi 60,000. Hilo litamtuliza kuliko kumtetea kijana.

Kabla sijafika kwenye fedha, naomba tukae kidogo kwenye ule mhogo. Kijana wako hakubuni kitu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara walipita katika nchi ya Wazaramo wakielekea pwani, wakalala huko, wakauguzwa huko, na wengine wakazikwa huko, na katika mwingiliano huo ulikomaa utani unaowaruhusu watu wa makabila haya mawili kutukanana na kunyang'anyana bila kugombana. Wewe kama Mzaramo wa Kisarawe bila shaka umeuona ukifanya kazi msibani, mtani anapojilaza kwenye mkeka wa wafiwa akidai kulipwa ili aondoke, huku yeye huyohuyo akiwa mstari wa mbele katika kuchimba kaburi na kuhudumia watu. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Na jambo ambalo ndugu wa damu analimeza kwa heshima, kwa mfano kwamba marehemu alikuwa na madeni au alikuwa mchoyo, mtani hulitamka mbele ya kadamnasi na hakuna anayemfukuza.

Ninyi ni watani mara mbili, kwa kabila na kwa mpira, maana Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936 zimeishi kwa utani huohuo hadi leo. Lakini nikisoma barua yako naona haki ya mtani ameitumia yeye peke yake, kwenye sahani yako, na wewe ulipofika wakati wa kuitumia yako ukanyamaza. Ulimuuliza swali, akacheka, na kicheko kikawa ndicho jibu. Hapo ndipo urafiki wenu ulipopungukiwa, wala haukupungukiwa kwa sababu yeye ni kijana na wewe ni mtu mzima.

Sasa tuje kwenye hiyo cha juu, na hapa nitakawia kwa sababu kijana amechanganya mambo mawili, na nahisi amekuchanganya na wewe.

Winga aliyeko barabarani hana mshahara. Anamwuliza mwenye duka bei, anapewa, anaongeza chake, anamtajia mteja jumla, na mteja yuko huru kukataa, kupunguza au kuingia duka la pili. Mimi mwenyewe nimelipa cha juu nikijua kabisa kwamba nailipa, kwa sababu winga alinifikisha kwa dakika chache katika duka ambalo peke yangu ningelitafuta hadi adhuhuri. Wako wanaowachukia mawinga. Mimi simo miongoni mwao. Ni kazi, ina jasho, na vijana wengi wamejifunzia hapo kumsoma mteja kuliko darasani.

Siku kijana wako alipoingia nyuma ya kaunta, nafasi yake ilibadilika, ingawa ulimi haukubadilika. Mteja wa Morogoro hakudakwa barabarani. Aliagiza kwa duka, na bei anayostahili kutajiwa ni ya duka. Halafu, na hili ndilo zito zaidi, kijana hakusema kwamba kitenge ni shilingi 24,000, bei ambayo mama yule angeweza kuijadili. Alitaja gharama ya usafiri ambayo hakuilipa, na mzigo ukafika Msamvu ukiwa unadaiwa. Hata mawinga wenzake barabarani wasingeiita hiyo cha juu. Mama yule amelipia kitu ambacho hakikufanyika, na ana haki ya kurudishiwa fedha zake.

Tena lipo suala la risiti. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inapaswa kutoa risiti ya fedha zote ambazo mteja amelipa kwa mauzo, na mauzo ya duka lenu kwenye risiti ni shilingi 660,000 wakati mkononi mwa mteja zimetoka shilingi 720,000. Mama huyo akilalamika kwa mwenye duka au kwa maofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba alitozwa zaidi ya kilichoandikwa, atakayeulizwa kwanza ni tajiri, na tajiri atakugeukia wewe unayesimamia hesabu. Kwa hiyo ile kauli kwamba tajiri hajapoteza hata senti haina ukweli. Mteja wa sare za harusi ni mteja wa kamati nzima, na akiudhika huondoka na wenzake wote.

Nakushauri usimsemee kwa tajiri kabla hujazungumza naye, wala usimfichie. Mkae mahali pasipo wateja, si dukani na si mbele ya wauzaji wa jirani, labda hapohapo Mbagala baada ya chakula, na uanze kwa utani kama mlivyozoea kisha uuweke kando waziwazi ili aelewe kwamba sasa mtu mzima anazungumza. Mwambie mambo matatu kwa mfululizo: kwamba shilingi 60,000 zirudi kwa mteja kabla ya mwisho wa juma, kwa njia ya simu ileile zilikotokea ili kuwe na kumbukumbu, kwamba tangu sasa hakuna malipo ya mteja wa duka yatakayoingia kwenye namba yake, hata ya usafiri, hata ya soda, na kwamba fedha zisiporudi siku hiyo uliyoitaja, wewe mwenyewe utamweleza tajiri, na yeye atakuwa amejua kabla. Hilo la mwisho ndilo linalotofautisha rafiki na mchongezi. Akikasirika, mwache akasirike. Kijana aliyelelewa na barabara ya Kariakoo amekwisha kufokewa sana, na huenda wewe ndiye wa kwanza kumkemea huku ukimpakulia wali.

Kuhusu dawa za presha, najua unaona haya kuzitaja, ndiyo maana umeziweka katika sentensi moja fupi. Hatujui kama zilinunuliwa kwa fedha hizo. Mrudishie thamani yake hata hivyo, kwa upole, ukimwambia kwamba msimamizi wa hesabu hawezi kumeza dawa za mtu anayemkagua. Chakula endeleeni kupeana. Hakuna tajiri mwenye akili atakayewanyima mihogo.

Usiishie kwenye kumkataza. Kijana huyu anauza.  Mtu aliyezoea kuona malipo yake mara tu baada ya kuuza, ukimweka kwenye mshahara usiotikisika auze vitenge 3 au 300, ataitafuta cha juu kwa mlango wa nyuma. Wewe unayemjua tajiri tangu anavaa kaptula za shule ndiye unayeweza kumshauri aweke kamisheni iliyo wazi, kiasi fulani kwa kila gora au kwa kila oda ya sare, iandikwe kwenye daftari lako na ilipwe mwisho wa mwezi. Oda zinazoletwa na picha anazoweka kijana kwenye simu zihesabiwe zake; wateja wako wa miaka yote wahesabiwe wako. Na ukiwa unazungumza na tajiri, mkumbushe ampe kijana maelezo ya ajira yake kwa maandishi, kwa kuwa hilo ni takwa la sheria, wala si hisani.

Imebaki ile kauli ya kukatwa nusu kwa nusu, na hapo tajiri wenu amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayotumika Tanzania Bara haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kutangaza tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe anayekatwa. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, na aridhie deni hilo kwa maandishi. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya malipo yake ya fedha. Kwa hiyo shoti ya kijana si yako kwa sababu tu mmesimama kaunta moja, na yako si yake. Mweleze tajiri kwa adabu, na asipoelewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo. Ili msifike huko, kila mmoja wenu aandike mauzo yake kwenye ukurasa wake, na mnapofunga hesabu mhesabu pamoja kwa sauti, kila mmoja atie saini upande wake. Ukurasa mmoja wa pamoja ndio unaogombanisha marafiki madukani.

Urafiki usiuvunje. Ila ukimaliza mazungumzo hayo na kijana akaanza kukukwepa, akawa hachukui tena kitu kwenye sahani yako, mpe muda bila kumfuata, watani hawabembelezani.

SWALI

Ndugu Mwandishi,

Mimi ni kijana wa Mombasa, na kazi yangu hapa Doha ni kupanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa zamu ya usiku. Nilipofika sikujua lolote, na aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, Mhindu, mkimya, mwenye umri wa kunizaa. Tunazungumza kwa Kiingereza cha kuunga na Kiarabu cha dukani, lakini anapopika samaki wa nazi mimi hujiona niko nyumbani. Mwezi wa Ramadhani yeye hubaki sehemu yangu ili nikafuturu. Sasa meneja ameniita na kuniambia niombe nafasi ya msimamizi wa zamu, ambayo itanifanya niwe juu ya mzee huyu. Naona haya hata kumtazama. Nifanyeje?

Mpanga Rafu, Doha

JIBU

Ndugu yangu, mwambie leo, kabla tangazo halijabandikwa ubaoni na kabla hajalisikia kwa mwingine kwenye basi la wafanyakazi. Muulize kama yeye mwenyewe anaitaka nafasi hiyo. Watu wakimya huachwa nyuma kwa kudhaniwa kwamba hawataki. Akiitaka, ombeni wote wawili, na umsaidie kuandika barua yake kwa Kiingereza kama Kiingereza chako ndicho kilichonyooka zaidi. Kama haitaki, na wazee wengi wa rafu hawaitaki kwa sababu wanahesabu miaka ya kurudi kwao kuliko vyeo, utakuwa umepata baraka zake na haya zako zitaisha.

Ukipewa, kitakachoutesa urafiki wenu ni ratiba. Kila msimamizi mwenye rafiki kwenye zamu hujaribiwa kumpa Ijumaa za mapumziko na kumwondolea maboksi ya maji na mafuta ya kupikia, na wenzake huona usiku wa kwanza tu. Vilevile wako wasimamizi wanaoogopa kusemwa hadi wakamtwika rafiki mzigo kuliko wote, na hilo ni dhuluma pia. Zungusha mapumziko kwa zamu inayojulikana, uibandike ukutani, na mzee akihitaji kubadilishana siku abadilishane na mfanyakazi mwenzake, si na wewe.

Ramadhani, ambapo sheria ya kazi ya Qatar inapunguza saa za kazi hadi 36 kwa juma, wewe ndiye utakayepanga nani anafuturu saa ngapi. Hapo usimtegemee mzee tena kushika nafasi yako kwa hisani. Mpange mtu wa zamu rasmi. Na yeye akitaka likizo ya Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, ambayo huangukia kati ya Agosti na Septemba na ambayo Wakerala wote wa duka lenu wataiomba kwa pamoja, mshauri ajaze fomu mapema kama wengine wote, kisha uipeleke kwa meneja aitie saini yeye badala yako.